Je, Mbwa Naye Ana Haki ya Makao?

Miongoni mwa maswali yanayoulizwa na watu wanaoingia katika dini tukufu ya Islam, na hata na wale ambao wangali wanaichunguza, liko moja ambalo kwa nje laonekana dogo: Nimfanye nini mbwa wangu? Mtu amelelewa katika nyumba yenye mbwa. Amemwona mbwa huyo akilinda boma la baba yake usiku kucha, akiwafukuza nyani shambani, akimfuata mtoto mpaka kisimani. Siku anapotamka Shahada, jirani humwambia kwamba sasa ni lazima amtupe porini au amtilie sumu. Mtu huyo hufadhaika, maana alivutwa na Islam kwa kusikia kwamba ni dini ya rehema, na kumbe amri ya kwanza anayopewa ni ya ukatili.

Twasema waziwazi tangu mwanzo kwamba amri hiyo haitoki kwa Mwenyezi Mungu wala kwa Mtume Wake Mtukufu Muhammad (s.a.w.). Imetoka katika mazoea ya watu, na mazoea si dini.

Lakini kuukataa ukatili peke yake hakutoshi. Yuko na mtu mwenye huruma ambaye hukosea kwa njia nyingine. Humwokota mbwa njiani, humlisha siku tatu, kisha humkabidhi kwa mtu wa kwanza anayemtaka, naye huenda zake akiwa radhi na nafsi yake. Basi swali letu la leo ni hili: Je, huruma hutimia pale kiumbe anapookolewa na mauti, ama haijatimia mpaka apatiwe mahali panapomfaa? Tutalijibu kwa nuru ya Kurani Tukufu na mwenendo wa Mtume (s.a.w.), kisha tutatazama mambo ya wilaya ya Same, chini ya milima ya Upare, ambako kazi ya kuwatafutia mbwa makao imefanyika kwa namna ambayo wengi hawaijui.

RIZIKI NA MAKAO HAVITENGANI

Katika Sura Hud (11:7) Mwenyezi Mungu atujulisha kwamba hakuna mnyama yeyote katika ardhi ila riziki yake iko juu Yake, na kwamba ajua makao ya kila mnyama na mahali anapowekwa kwa muda. Msomaji aitafakari vizuri aya hii. Ingaliweza kuishia kwenye riziki, na maana yake ingalikuwa kubwa. Lakini haikuishia hapo. Imetaja na makao, tena ya namna mbili: pa kukaa na pa kupita. Hii yatufundisha kwamba chakula na mahali ni neema zilizofungamana. Samaki hupewa riziki yake majini. Ukimtoa humo ukamweka juu ya sinia ya dhahabu iliyojaa chakula, atakufa na chakula kiko mbele yake.

Vivyo hivyo katika Sura An-Nahl (16:69) twasoma kwamba Mungu amemfunulia nyuki, yaani ametia katika tabia yake, ajifanyie nyumba milimani na mitini na katika yale wanayoyajenga watu. Mrina asali anayetundika mzinga mtini aujua ukweli huu kwa mikono yake mwenyewe. Hawezi kumlazimisha nyuki akae. Aweza tu kumwandalia mahali panapolingana na tabia aliyopewa na Muumba wake, kisha angoje.

Na katika Sura Al-An'am (6:39) tumeambiwa kwamba wanyama wa ardhini na ndege warukao kwa mbawa zao ni umati mfano wetu. Umati si lundo la vitu. Una desturi zake, haja zake na mahali pake. Kwa hiyo mtu anapouliza, “Mnyama huyu akae wapi?”, haulizi jambo la upuuzi. Auliza jambo ambalo Mwenyezi Mungu amelitaja katika Kitabu Chake.

MBWA KATIKA MWENENDO WA MTUME (S.A.W.)

Huenda mtu atasema: Hayo ni kweli kwa wanyama wengine, lakini mbwa ametengwa, si kweli kwamba chombo alichokilamba huoshwa mara saba? Si kweli kwamba malaika hawaingii nyumba yenye mbwa? Si kweli kwamba Madina palitolewa amri ya kuwaua mbwa?

Tujibu moja baada ya moja. Hadithi ya kuosha chombo ni sahihi, nayo yahusu usafi wa chombo, haihusu kumchukia mnyama. Leo kila daktari ajua kwamba kichaa cha mbwa hupitia katika mate. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 kila mwaka ulimwenguni, na karibu wote huupata kwa kuumwa na mbwa. Basi ni hekima iliyoje kwamba Mtume (s.a.w.), katika zama ambazo hakuna aliyejua habari za virusi, aliwatahadharisha wafuasi wake na mate ya mbwa! Lakini Kurani Tukufu hiyo hiyo (5:5) yaturuhusu kula windo lililokamatwa na mbwa aliyefundishwa, naye hulikamata kwa kinywa chake. Imam Malik akaona kwamba mbwa mwenyewe si najisi, hali maimamu wengine wameona vingine. Ikiwa wanazuoni wakubwa wametofautiana katika unajisi wake, hapana hata mmoja aliyesema kwamba kuosha chombo kwatupa ruhusa ya kumpiga mbwa mawe.

Ama habari ya malaika, baadhi ya wanazuoni wameeleza kwamba haimhusu mbwa anayefugwa kwa haja iliyoruhusiwa. Nazo haja hizo zimetajwa katika hadithi zenyewe, yaani kuwinda, kulinda mifugo na kulinda shamba. Kwa vyovyote vile, mbwa wa kazi hulala nje katika kibanda chake, na Mwislamu husali ndani mahali safi. Hapo hapana ugomvi wowote.

Ama amri ya kuua, imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) baadaye aliikataza. Na katika Abu Daud imepokewa kwamba alieleza sababu ya kutowamaliza mbwa, nayo ni kuwa wao ni umati miongoni mwa umati. Neno lilo hilo la Sura Al-An'am! Tena mwanahistoria Al-Waqidi amesimulia kwamba jeshi la Waislamu lilipokuwa likienda Makka, Mtume (s.a.w.) alimwona njiani mbwa jike akiwanyonyesha watoto wake, akamweka mtu amlinde ili askari wasimsumbue. Maelfu ya watu walikuwa safarini kwa jambo kubwa kupita yote, na bado nafasi ya mbwa mmoja ilihifadhiwa. Hakuondolewa njiani, askari ndio waliopita kando yake.

Nao Watu wa Pangoni, Wakristo wa mwanzo waliokimbilia mapangoni kwa sababu ya imani yao, wametajwa katika Sura Al-Kahf pamoja na mbwa wao, ambaye amenyosha miguu yake ya mbele kizingitini (18:19). Angalia mahali alipowekwa. Hakutupwa mbali, wala hakulazwa kitandani. Aliwekwa mlangoni, mahali penye kazi yake.

ANAYEFUNGA AMEJITWIKA MZIGO

Ziko hadithi mbili mashuhuri ambazo wahubiri hupenda kuzisimulia pamoja. Moja ni ya mtu aliyemwona mbwa mwenye kiu akilamba udongo karibu na kisima. Akateremka, akajaza maji katika kiatu chake, akamnywesha, na Mungu akamsamehe. Nyingine ni ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Kwa kawaida husemwa kwamba yule alikuwa na huruma na huyu hakuwa nayo. Ni kweli, lakini liko na funzo jingine.

Mtu wa kisimani hakumchukua mbwa. Alimpa maji akamwacha aende, na Mungu akamkubalia kazi yake ikiwa kamili, kwa kuwa mbwa yule alibaki huru kutafuta riziki yake mwenyewe. Mwanamke wa paka hakuadhibiwa kwa kutomlisha tu. Paka wangapi hatuwalishi nasi hatulaumiwi! Aliadhibiwa kwa sababu alimfunga, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Kwa kumfunga, alimwondoa paka mahali ambapo Mungu alimwekea riziki yake, asimpe mahali pengine badala yake. Kamba ndiyo iliyomtwika wajibu, na akaufanyia hiana.

Hapa ndipo penye ufunguo wa swali letu. Ukimpa mbwa wa njiani maji, umefanya wema na waweza kwenda zako. Lakini ukimchukua, ukamtia kamba shingoni, ukafunga lango, umekubali amana. Tangu saa hiyo njaa yake ni hesabu yako. Wahenga walisema: tenda wema nenda zako. Maana yake ni usingoje shukrani. Si maana yake umwache uliyemchukua katikati ya njia.

MBWA MKUBWA MJINI SAME

Wanazuoni wa lugha ya Kiarabu wameeleza kwamba dhulma kwa asili ni kukiweka kitu mahali pasipo pake, na uadilifu ni kukiweka kila kitu mahali pake. Kwa maana hiyo, huruma iliyomtoa mnyama katika mauti ikamtupa mahali pasipo pake ni huruma iliyochanganyika na dhulma. Natuyapime maneno haya kwa mfano.

Same ni mji ulioko kwenye tambarare kavu, kando ya barabara kuu na reli zitokazo Tanga kwenda Moshi. Watumishi na wafanyabiashara huja na kuhama. Tuseme mmoja amehama akamwacha nyuma jibwa lake, la mbegu ya kigeni, lenye manyoya mazito, lililozoea kulishwa. Siku chache baadaye jibwa hilo limekonda, lazurura karibu na stendi, watu waliogopa kwa ukubwa wake na watoto walipiga mawe. Mtu mwema amelichukua. Lakini yeye amepanga chumba kimoja katika nyumba yenye ua wa wapangaji wengi. Hawezi kukaa nalo. Basi wajitokeza watu wanne wanaolitaka.

Wa kwanza ana ghala. Ataka mbwa mkali, naye amesikia kwamba mbwa hufanywa mkali kwa kufungwa mnyororo mfupi usiku na mchana. Wa pili ni kijana anayetaka kutembea naye mjini ili watu wamwogope. Wa tatu ni mfugaji wa mbuzi huko tambarare, upande wa Mkomazi, ambako fisi na chui huvamia mazizi. Wa nne ni mkulima wa mlimani, upande wa Suji au Mbaga, kwenye hewa ya baridi, ambaye mahindi yake huliwa na nyani na nguruwe mwitu.

Wengi watasema mara moja: apewe wa kwanza, kwa sababu ana uwezo wa kununua nyama. Lakini tumeona kwamba riziki haitengani na makao. Mbwa aliyefungwa maisha hupata chakula kama mfungwa apatavyo uji. Ukali wake si ushujaa, ni hofu iliyokosa njia ya kutokea. Na siku mnyororo utakapokatika, huenda atakayeumwa ni mtoto asiye na hatia. Wa pili hataki mbwa, ataka kivuli cha nafsi yake; naye akichoka na mchezo, mbwa atarudi stendi.

Wabaki wa tatu na wa nne. Wote wawili wana kazi ambayo Mtume (s.a.w.) ameiruhusu. Wahenga wetu walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Neno hili halikukusudiwa kumfukuza mgeni. Lilikusudiwa kumfanya awe mtu wa nyumbani, maana asiye na kazi katika nyumba hubaki mgeni daima. Mbwa naye akipewa kazi inayolingana na tabia yake hupata cheo katika boma, na wenye boma humthamini.

Kati ya hao wawili, mwenye kuamua ajiulize mambo matatu. Kwanza, je, mbwa huyu ataweza kuwa mbwa mahali pale? Jibwa lenye manyoya mazito litateseka katika jua la tambarare kuliko katika ukungu wa mlimani. Na mbwa asiyewahi kuona mbuzi aweza kuwatafuna badala ya kuwalinda. Pili, je, mwenyeji ana uwezo pamoja na nia? Mbwa mkubwa hula sana. Mwenye watoto ambao ugali hauwatoshi asitwikwe mzigo huo kisha aitwe mkatili unapomshinda. Tatu, je, majirani watakuwa salama, watu na wanyama pia? Swali hili la tatu watu hulisahau, nalo ndilo linalotuleta kwenye habari za Mkomazi.

MBWA MWITU WA MKOMAZI

Mkabala na mji wa Same yaanza nyika ya Mkomazi, inayopakana na Tsavo ya Kenya. Ilifanywa pori la akiba mwaka 1951, na hifadhi ya taifa mwaka 2008. Mwaka 1989 Mwingereza Tony Fitzjohn, ambaye kabla ya hapo alifanya kazi na George Adamson huko Kora nchini Kenya, alianza kazi Mkomazi kwa ruhusa ya Serikali ya Tanzania. Alifariki mwaka 2022. Wengi wajua habari za vifaru weusi waliorudishwa pale kutoka Afrika Kusini na Ulaya. Wachache wajua kwamba tangu mwaka 1995 palianzishwa pia makao ya mbwa mwitu. Watoto wao walitolewa katika nyika ya Wamasai, ambako makundi yao yalikuwa katika hatari ya kuuawa, wakalelewa Mkomazi ili wazaane na kurudishwa porini.

Mbwa mwitu si mbwa wa nyumbani aliyekimbia. Ni jinsi nyingine kabisa, mwenye masikio ya duara na mabaka kama ya msanii. Huwezi kumfanya mlinzi wa ghala. Huishi kwa kundi; waendao kuwinda hurudi na kuwatapikia nyama watoto pamoja na yule aliyebaki kuwalinda. Kundi moja lahitaji nchi ya mamia ya kilomita za mraba. Mwaka 2012 wataalamu wa uhifadhi walikadiria kwamba katika Afrika nzima wamebaki kama 6,600 tu. Kwa mnyama wa namna hii, boma la waya lenye nyama kila siku ni mahali pa kupita tu. Si mahali pa kukaa. Wenye kazi ile walilijua hilo, na kwa hiyo waliwafungulia kwa makundi, wanaojuana pamoja, ili waweze kuishi kama umati na si kama mmoja mmoja.

Lakini kazi hiyo ilipata msiba. Mwezi Desemba 2000 ugonjwa wa distempa uliingia katika boma lao, na kwa muda wa miezi miwili wakafa 49 kati ya 52, ingawa walikuwa wamechanjwa kwa chanjo iliyokuwapo. Virusi vya ugonjwa huo ndivyo vinavyowaua pia mbwa wa nyumbani. Kazi ya miaka ikafutika katika majuma machache, ikabidi waanze upya. Nao walianza upya.

Sasa na turudi kwa jibwa letu na mfugaji wa tambarare. Kumpeleka mbwa asiyechanjwa kwenye boma lililo mpakani mwa hifadhi si jambo la watu wawili, mtoaji na mpokeaji. Mbwa mmoja mgonjwa aweza kuangamiza kundi zima la wale waliotafutiwa makao kwa taabu nyingi, na akiwa na kichaa aweza kumwua mtoto wa mfugaji. Kwa hiyo haki ya mbwa mmoja ya kupata makao haivunji haki ya umati mwingine. Achanjwe kwanza, ndipo apelekwe. Sindano hiyo ni sehemu ya huruma kama kilivyo kibakuli cha maji.

Na mtu asidhani kwamba mambo haya ni ya wageni wasio Waislamu. Kisiwani Pemba, ambako karibu watu wote ni Waislamu, kichaa cha mbwa kilitoweka mwaka 2014 kwa kazi ya kuchanja mbwa. Kikaingia tena mwaka 2016. Wakachanja tena, na mwaka 2018 kikaondoka. Chanjo ndiyo iliyoleta usalama. Katika kuwatunza mbwa, watu wa Pemba walijitunza wenyewe.

NA HAKI YA WATU JE?

Hapa liko pingamizi zito kuliko yote, nasi hatutalikwepa. Mtu atasema: Watu wana njaa, nanyi mwatafuta nyumba za mbwa! Tena huko huko Mkomazi, mwaka 1988, wafugaji waliondolewa na ng'ombe wao ili wanyama wakae. Walipeleka shauri mahakamani, nalo likafika Mahakama ya Rufani mwaka 1999. Je, hiyo ndiyo huruma, kumpa mbwa makao kwa kumnyang'anya mtu makao yake?

Twajibu: La hasha. Mizani ya Islam ina sahani mbili. Kumtoa mtu katika malisho ya baba zake bila kumpatia mahali pengine panapomfaa ni dhulma ile ile tuliyoieleza, yaani kukiweka kitu mahali pasipo pake. Tena ni kubwa zaidi, kwa kuwa mwanadamu ndiye aliyetukuzwa. Yeyote anayempenda mnyama huku akimdharau mfugaji, huruma yake ni ya upande mmoja.

Lakini dawa ya dhulma moja si dhulma ya pili. Mwenyezi Mungu alipowajaribu Thamudi kwa ngamia jike wa Nabii Saleh (a.s.), hakuwaambia wamwachie maji yote, wala hakuwaruhusu wamnyime. Aliwaambia kwamba ngamia ana zamu yake ya kunywa na wao wana zamu yao kwa siku maalumu (26:156). Watu wa Upare hawana haja ya kufasiriwa aya hii. Wazee wao walichimba ndiva milimani, mabwawa ya kukusanya maji ya mifereji, na kila shamba lilipata maji kwa zamu. Ndiva haikumfanya mtu yeyote ajione mwenye maji peke yake. Aliyeiba zamu ya mwenzake alijua kwamba amekosa, hata kama shamba lake lilikuwa kavu. Basi ardhi nayo na ifikiriwe hivyo. Mtu ana zamu, mfugo una zamu, mnyama wa porini ana zamu. Thamudi waliangamia si kwa sababu maji yalikuwa haba. Waliangamia kwa sababu walikataa kugawana.

Ama kusema kwamba tusimhurumie mbwa mpaka watu wote washibe, uzoefu waonyesha kwamba asemaye hivyo mara nyingi hawashibishi hao watu pia. Huruma si kama debe la mahindi ambalo ukimpa mmoja limepungua kwa mwingine. Ni tabia ya moyo. Moyo unaoweza kupita mbele ya mbwa anayekufa kwa kiu bila kutikisika umejizoeza kupita, na kesho utapita mbele ya yatima.

WAJIBU WA WALIOFUNGA BAIAT

Kwa Waislamu Waahmadiyya neno hili lina uzito wa pekee. Tarehe 12 Januari 1889 Masihi Aliyeahidiwa, Seyidna Ahmad (a.s.) wa Qadian, alitangaza masharti kumi ya baiat. Katika sharti la nne, anayefunga baiat huahidi kutowaudhi viumbe wa Mungu kwa jumla, na Waislamu hasa, si kwa ulimi, si kwa mkono, wala kwa njia nyingine yoyote. Na katika sharti la tisa huahidi kuwa na huruma kwa viumbe wa Mungu kwa jumla, kwa ajili ya Mungu tu. Neno lililotumika humo ni viumbe, na mbwa ni kiumbe. Mwenye kuweka mkono wake katika baiat hawezi kulitoa nje ya ahadi yake lile asilolipenda.

Kwa hiyo kwa ndugu yetu mpya anayeuliza habari za mbwa wake, jibu letu ni hili. Usimwue wala usimtupe. Ikiwa analinda boma, shamba au mifugo yako, kaa naye; mjengee kibanda nje, mchanje, tenga chombo chake, mlishe. Ikiwa huwezi kukaa naye, mtafutie mwenyeji kwa uangalifu ule ule ambao ungemtafutia mwanao bwana wa kumfanyia kazi: uliza tabia yake, tazama ua wake, sikiliza majirani zake. Ukisha kumpeleka, rudi baada ya mwezi umwone. Na mambo yakiwa mabaya, uwe tayari kumrudisha. Na ikiwa ana kichaa au maradhi yasiyotibika, sheria yaruhusu auawe ili watu wasalimike, lakini Mtume (s.a.w.) ameagiza wema hata katika kuua. Basi aitwe mtaalamu wa mifugo, isitumike sumu inayomtesa kiumbe kwa muda mrefu.

Na kwa yule ambaye angali anachunguza, na anatutazama kwa mbali, twasema: usiipime Islam kwa jiwe lililotupwa na mtoto ambaye hakufundishwa. Ipime kwa Mtume ambaye jeshi lake lilipita kando ili mbwa amalize kunyonyesha.

Mungu peke yake ndiye ajuaye makao ya kila kiumbe. Sisi twabahatisha, na twaweza kukosea. Lakini ametupa akili ya kuuliza na macho ya kuona, na tutaulizwa juu ya kila kamba tuliyoifunga kwa mikono yetu. Imepokewa kwamba Khalifa Umar (r.a.) aliogopa kuulizwa hata juu ya mnyama atakayekufa bure kwenye ukingo wa mto Frati, mbali na Madina alikokaa. Sisi hatuulizwi juu ya Frati. Twaulizwa juu ya aliyeko mlangoni petu.

Mwenyezi Mungu atujaalie huruma yenye haki ndani yake, na haki yenye huruma ndani yake. Amin.